“Panda, mwanaume”: Nilimwambia mpwa wangu, sasa nimeletewa karatasi nisaini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni nyapara wa mafundi hapa Dodoma. Nina miaka 43, na saiti nilianza nikiwa na miaka 19, nabeba karai. Sasa hivi tuko kwenye hosteli ya ghorofa nne. Kampuni imenipa kazi ya kufunga mbao na kumwaga zege. Vijana nawatafuta mimi, nawaandika kwenye daftari langu asubuhi na jioni, na Jumamosi mhasibu wa kampuni anawatumia hela kwenye simu kwa kufuata orodha yangu.

Kati ya hao vijana alikuwemo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Kondoa. Ana miaka 20. Alimaliza kidato cha nne akakaa tu nyumbani, mimi mwenyewe nikamfuata. Dada aliniambia, “Nakupa huyu. Ukimchoka unirudishie kama ulivyomchukua.”

Mwezi wa kwanza, usiku mmoja, mvua ilinyesha kubwa. Asubuhi yake tulikuwa na zege, mashine imeshawashwa, mchanga na kokoto viko tayari. Kijana akapanda jukwaa la mirunda upande wa nyuma akarekebishe mbao za pembeni. Mara akashuka. Akasema, “Mjomba, mguu wa huku umetitia. Jukwaa linacheza.” Wenzake wote wanasikia. Nikamjibu, “Panda, mwanaume. Zege halimsubiri mtu.” Wakacheka. Akapanda.

Haikufika nusu saa. Si juu sana pale, ni kama mita tatu na nusu, lakini aliangukia ubavu juu ya matofali. Nyonga imevunjika, na mkono wa kushoto. Amelazwa wiki tatu, kampuni ikalipa hospitali. Sasa yuko chumbani kwangu Nkuhungu, anatembelea magongo, na mimi nalala chini.

Wiki iliyopita msimamizi wa mradi aliniita ofisini. Akanipa karatasi imeshachapwa. Inasema kijana alipewa kofia na mkanda wa usalama, akaelekezwa namna ya kuutumia, akakataa kuufunga kwa uzembe wake mwenyewe. Chini pameandikwa jina langu, inasubiri sahihi. Akanipa na bahasha ya shilingi 300,000, mkono wa pole kwa mgonjwa. Akasema nikisaini, jengo linalofuata pia ni langu. Nisiposaini, hao ni watu wangu, mimi ndiye niliyewaajiri, kampuni haiwajui. Na daftari anataka nimpelekee, “kwa ajili ya mahesabu”.

Kinachonichanganya ni kwamba karatasi hiyo si uongo mtupu. Mikanda ipo, mitatu, iko stoo. Na kijana kweli hakufunga. Wenzangu wananiambia nisaini, watoto watakula nini.

Lipo na lingine ambalo sijamwambia mtu. Silali. Nasikia lile neno, “linacheza”. Juzi nilipanda ghorofa ya pili, magoti yakakataa, nikakaa chini nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Tangu siku hiyo nakunywa pombe kali kidogo asubuhi ndipo napanda. Na vijana wamebadilika. Hawacheki, na wakiona kitu hawaniambii.

Dada anajua kijana aliteleza. Ndivyo nilivyomwambia.

Nisaini? Na dada nimwambie nini?

Nyapara, Dodoma

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umfikishie mgonjwa pole zangu.

Usisaini. Nalitanguliza hilo maana huenda umeshaitwa ofisini mara ya pili. Na daftari usilitoe mkononi. Wakitaka mahesabu, wape nakala. Leo usiku, kabla hujalala (au kabla hujakosa usingizi), piga picha kila ukurasa, kuanzia siku ya kwanza ulipomwandika kijana mpaka siku aliyoanguka, na umtumie mtu unayemwamini. Hilo daftari lenye matone ya zege ndilo linaloonyesha kwamba mpwa wako alikuwa kazini saiti ile, siku ile.

Kwa wasomaji wapya wanaojiuliza Shangazi amejulia wapi mambo ya mirunda: nilipika saiti miaka tisa, kisha mkandarasi mmoja akanichukua nikamtunzia stoo miaka kumi na minne. Mama ntilie anaona mengi kuliko injinia. Anajua nani amekula na nani ameomba chai tu kwa sababu hela ameituma kwao. Anajua nani ananuka pombe saa moja asubuhi. Nilipohamia stoo nikaona upande wa pili. Mikanda nilikuwa nayo minne, ya kijani, iko kwenye mifuko yake. Siku wakaguzi wanakuja naambiwa niitoe. Wakiondoka inarudi, nami naandika “imerejeshwa” kwa mkono huu huu. Kwa hiyo ukisema mikanda ipo stoo nakuelewa vizuri mno.

Sasa tuisome hiyo karatasi. Inasema hakufunga mkanda. Haya, angeufunga wapi? Kwenye mrunda uleule aliokwambia unacheza? Mkanda hauna kazi kama hakuna mahali imara pa kuunasa, na jukwaa linaloanguka huondoka na mkanda na mwenye mkanda.

Kuna na hesabu nyingine niliyofundishwa kwenye mafunzo, nami sijaisahau mpaka leo. Ile mikanda ya kawaida yenye kamba ya karibu mita 1.8 na kifyonza mshtuko inataka nafasi wazi kama mita 5 na nusu kutoka pale ilipofungwa mpaka chini. Toa urefu wa kamba, toa kifyonza kinavyofunguka, toa urefu wa mtu mwenyewe, na ubakize kidogo ili miguu isiguse. Kijana alikuwa mita tatu na nusu. Angefunga usawa wa kifua chake, chini yake pana mita tano hazifiki. Kamba na kifyonza vikimaliza kunyooka, miguu ingekuwa karibu kabisa na matofali, nafasi ya usalama haipo. Mkanda wanaomlaumu kwa kutoufunga haukuwa wa kutegemea pale.

Kitu ambacho kingemsaidia hakimo kwenye karatasi yao: ubao mpana chini ya kila mguu wa jukwaa ili usititie kwenye udongo uliolowa, reli usawa wa kiuno upande ulio wazi, na mtu wa kulizunguka jukwaa asubuhi baada ya mvua kabla hajapanda yeyote. Hayo yote ni ya mwenye kazi kuyaandaa, na mbao zake bei yake haifiki ya mifuko michache ya saruji. Ndiyo maana ni rahisi kwao kuandika habari ya mkanda. Mkanda ni wa kijana, jukwaa ni lao.

Sasa nije kwako, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kijana alifanya jambo ambalo makampuni makubwa hulipia semina ili watu walifanye: aliona, akashuka, akasema. Saiti yenu asubuhi ile haikuwa na afisa usalama wala kikao. Ulinzi wote mliokuwa nao ni yule mtoto wa miaka 20, na wewe ulimfunga mdomo kwa neno moja na kicheko. Neno lenyewe hukulitunga. Uliambiwa ulipokuwa unabeba karai, ukapanda, ukasalimika, ukadhani lina maana. Ninawajua walioambiwa hivyohivyo wasisalimike. Majengo yakiporomoka tunasikia: lile la ghorofa 16 pale mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, watu 36, na lile la Kariakoo Novemba 2024. Huyu anayeanguka peke yake Jumanne asubuhi kutoka mita tatu hakuna redio inayomtangaza. Kijiko kinarudi kwa mama ntilie, mtu harudi.

Lakini fungu lako si kosa zima. Nani alipanga zege asubuhi ya mvua? Nani alinunua mirunda? Nani aliweka malipo kwa mita za zege, ili nyapara akisimamisha kazi saa mbili awe amewapunguzia vijana wake mlo wa jioni? Beba lako. Usikubali kubeba na lao halafu wote wawili mkamtwishe mgonjwa.

Kwa hiyo andika maelezo yako mwenyewe, kwa mkono wako. Tarehe, mvua ya usiku, jukwaa la namna gani, miguu ilikaa juu ya nini, mikanda ilikuwa wapi, kijana alisema nini, wewe ulijibu nini. Ndiyo, na lile neno. Usilifiche, wenzake walilisikia. Ila kabla hujampa mtu yeyote nakala, mwone msaidizi wa kisheria akusomee, kwa kuwa wewe mwenyewe unaweza kuulizwa. Sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017, na msaada ni bure kwa asiye na uwezo. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii hapo halmashauri, watakuelekeza kwa waliosajiliwa.

Fidia ya kijana ipelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huu ulianzishwa kwa sheria ya 2008, nao unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti, kwa hiyo msimamizi asijifanye anatoa cha mfukoni mwake. Unagusa matibabu, kipato kinachopotea mtu akiwa hawezi kufanya kazi, ulemavu ukibaki, hata utengamao wa kumrudisha mtu kwenye kazi anayoiweza. Mwajiri ndiye anayetakiwa kutoa taarifa ya ajali. Asipotoa, nendeni wenyewe ofisini kwao na karatasi za hospitali. Dai lina muda, miezi 12, na sehemu yake umeshaitumia kwa kuogopa.

Mtaambiwa “kibarua hana haki”, mtaambiwa “ni watu wa nyapara”. Hilo haliamuliwi kwa mdomo wa msimamizi. Mwambie kijana asifute ujumbe hata mmoja kwenye simu yake. Kila Jumamosi mhasibu wa kampuni alikuwa anamtumia hela, na ujumbe una tarehe na jina la mtumaji. Watu wasiowajua huwa hawawalipi kila wiki. Wekeni ushahidi mezani, waamue wenye kuamua. Mfuko haukuundwa kutafuta nani mzembe, umeundwa kwa ajili ya aliyeumia kazini. Ndiyo maana ile karatasi ina neno “akakataa”. Wanataka aliyeumia aonekane mkaidi.

Hiyo laki tatu ni ya kijana, na yeye ni mtu mzima. Mpe bahasha, umweleze imetoka wapi, aamue. Akitaka kuipokea kama pole, apokee. Asisaini popote penye maneno ya kumaliza madai.

Wakikufukuza kwa sababu umekataa kusaini, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na usikae. Lalamiko la kuachishwa kazi linatakiwa ndani ya siku 30. Habari ya jukwaa lenyewe, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wapo hapohapo Dodoma. Sheria yetu ya usalama na afya kazini, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri alinde watu wake, na inamtaka mfanyakazi naye aseme akiona hatari. Soma hapo tena. Mpwa wako alipofungua mdomo alikuwa anatimiza sheria. Shirika la Kazi Duniani nalo, kwenye mkataba wake wa ujenzi wa 1988, Na. 167, limesema mfanyakazi ana haki ya kujiondoa penye hatari kubwa inayomkabili. Alishuka, ulimpandisha.

Kwa dada usipige simu. Panda basi la asubuhi uende Kondoa, uende na mjomba au mzee mnayemheshimu wote wawili, ukae chini useme: “Aliniambia jukwaa linacheza, nikamwambia apande.” Usianze na mvua, wala usianze na kampuni. Atalia, pengine atakufukuza uwanjani. Kaa hapo nje. Atasikia tu siku moja, maana kijana anajua, na hajamwambia mama yake. Umeshajiuliza kwa nini? Anakusitiri, na yeye ndiye mwenye nyonga iliyovunjika. Mtoto asibebeshwe hilo.

Halafu vijana wako. Umesema hawacheki na hawakwambii kitu. Hilo la pili ndilo lililonitisha kwenye barua yako yote, zaidi hata ya karatasi. Saiti iliyonyamaza hivyo inangoja mtu mwingine aanguke.

Jumatatu, kabla ya kazi, waambie maneno mawili: “Aliniambia. Sikumsikiliza.” Usiongeze hotuba. Kisha waambie kuanzia leo yeyote akiona kitu asimamishe kazi, saidia fundi, mlinzi, hata mama anayeleta uji. Hawatakuamini. Watasubiri waone siku ya kwanza kijana atakaposimamisha kazi bure, jukwaa liwe zima kabisa, zege lianze kukauka kwenye karai, na msimamizi anapiga kelele. Siku hiyo utamwambia nini huyo kijana? Ukimshukuru mbele ya wenzake, mikutano mingine haina haja sana. Ukinuna tu, uso unatosha, umerudi mwezi wa kwanza.

Kila asubuhi wape dakika kumi, ila usiwasomee karatasi ya kusaini mahudhurio. Hayo ya kusaini si mafunzo, nimeyatunza majalada yake stoo, panya ndio walioyasoma. Zungukeni jukwaa pamoja. Mtingishe mguu mmoja mmoja. Mrunda wenye ufa utoke, kamba iliyochakaa itoke, kandambili zitoke. Mgeni wa siku ya kwanza asipande popote bila mwenyeji. Na umwulize kila siku mtu tofauti, “Leo nini kitatuumiza?” Mwanzo watasema hakuna. Subiri kidogo, atasema mmoja.

Nimeliacha la pombe mwisho kwa sababu ndilo uliloliandika kwa aibu. Nilikuwa nikiwaona hao wa kupasha damu kabla ya kupanda, enzi za viroba, vile vipakiti vya pombe kali, kabla havijapigwa marufuku Machi 2017. Wengi hawakuwa walevi. Walikuwa wameona kitu, mtu ameanguka mbele yao, na hapakuwa na wa kumwambia. Magoti yako hayajaharibika, yanakumbuka. Lakini pombe na kimo haviendi pamoja hata siku moja, na wewe sasa ndiye jukwaa bovu la saiti yako. Acha kupanda. Simamia ukiwa chini, kazi ya nyapara inakuruhusu, mpaka utakapopata msaada.

Na msaada ninaoutaka uende kuutafuta, najua utaruka: “Shangazi ananipeleka Mirembe!” Ndiyo. Dodoma nzima mnaifanyia mzaha hospitali ile ya afya ya akili, mtu akikosea kidogo anaambiwa nauli ya Mirembe hii hapa. Wana kliniki, mtu anaingia asubuhi, anaongea, anatoka na miguu yake. Kama jina linakushinda, hospitali ya mkoa nayo ina watu wa afya ya akili. Waambie kukosa usingizi, lile neno, magoti na pombe. Usipunguze pombe kwenye maelezo.

Na leo ukirudi nyumbani, kaa na mgonjwa. Mchukue kwa upole, umwombe radhi ukiwa hujanywa. Halafu fungua daftari ukurasa mtupu, umpe kalamu, mkono wa kulia ni mzima. Mwulize ni mguu upi wa jukwaa ulititia. Achore mwenyewe, aweke tarehe na sahihi.

Shangazi